Simba Aliyeposa

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana ada ya kusoma ndani ya basi. Na safari yetu ya mwisho kutoka Korogwe kwenda Handeni, ambayo kwa barabara ya lami ya siku hizi haimpi mtu hata nafasi ya kusinzia vizuri, aliikata akiwa ameinamia simu yake huku akitabasamu peke yake kama mtu aliyeletewa barua ya posa. Nilipomwuliza kinachomfurahisha alinieleza, kwa adabu lakini kwa haraka ya mtu asiyependa kukatizwa, kwamba anasoma riwaya za mfululizo za mwandishi wa Kimarekani aitwaye Patricia Briggs, zilizoanza kwa kitabu kiitwacho Cry Wolf mwaka 2008, juu ya Charles na Anna, mume na mke ambao wote wawili hugeuka mbwa mwitu wakubwa wa nchi za baridi, wakaao katika milima ya Montana, wasuluhishao ugomvi wa wenzao na kuwasaka wauaji, kisha hurejea nyumbani kwao wakasameheana na kununiana kama wana ndoa wengine wote.

“Utamu wake, mjomba, si kule kugeuka,” alisema. “Utamu ni kwamba wameoana.” Kisha akaniuliza kama kwetu hakuna kisa cha namna hiyo. Nilimjibu kwamba kipo, ila mnyama wake ni mwingine, nacho kimeanzia katika vilima vile vile tulivyokuwa tukivielekea.

Mbwa mwitu wa vitabu vya mpwa wangu hakupata kukanyaga ardhi ya Tanga. Jina lenyewe tumemwazima tu: wafasiri wa Biblia, walipotaka neno la mnyama yule wa Ulaya anyemeleaye zizi la kondoo, walitwaa jina la mbwa mwitu wa nyika zetu, mnyama mwenye mabaka na masikio ya duara, awindaye kwa makundi jua likiwa juu, ambaye pamoja na ukali wake kwa swala na paa hakupata kuwatia watu hofu kiasi cha kutungiwa hadithi za usiku. Hofu hiyo wazee wetu waliwagawia wengine: fisi, ambaye husemwa kuwa ni kipando cha wachawi, chui, zimwi, ambaye hana sura moja, na juu yao wote simba.

Hadithi yenyewe huijua kila aliyelelewa na bibi baina ya mto Pangani na milima ya Nguu, na mataifa mengi ya Afrika ya Mashariki huidai kuwa yao. Binti mzuri huwakataa wachumba, huyu kwa mguu wake, yule kwa pua yake, hata atokee kijana mgeni asiye na kovu mwilini, mwenye maneno laini na mahari tayari. Naye binti huolewa pasipo mtu kuuliza ukoo wa bwana arusi, akafuatana naye safari ya siku nyingi, na kila wavukapo kijito mume hupungukiwa na jambo moja la kibinadamu, hapa sauti, pale mwendo, hata wafike kwenye pango lililojaa mifupa. Aghalabu humwokoa mdogo wake mwenye upele, yule aliyekatazwa kufuatana nao. Nimeisikia mume akiwa simba, nimeisikia akiwa fisi, chatu na zimwi, lakini katika namna zote hizo sikupata kumsikia msimulizi akikawia juu ya jinsi mwili unavyogeuka. Nywele zaota, kucha zatoka, basi. Mahali anapokawia, anapopandisha sauti na kuwatazama wasichana waliokaa mbele yake mmoja baada ya mwingine, ni kwenye posa: nani alikwenda kuuliza? Baba yake bwana arusi ni nani? Mbona hakuja na mshenga?

Kwa hiyo naamini kwamba kugeuka mnyama halikuwa jambo la ajabu kwa wazee wetu. Ajabu lao, na hofu yao, ilikuwa kumwozesha binti kwa mtu ambaye nyumba yake haijulikani. Ndiyo maana ya ile mithali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, mithali ambayo watu huitamka kila siku sokoni pasipo kutambua kuwa ndani yake mna nasaha nzima ya ndoa: uzimwi haukukanushwa hata kidogo, wala haikudaiwa kwamba halitauma, lililotakiwa ni kujuana.

Na hapa ndipo historia ya nchi hizi mbili, Handeni upande wa kusini wa mto na Korogwe ukingoni mwake pamoja na milima ya Usambara iliyo juu yake, ilipoigeuza hadithi ya bibi ndani-nje. Kwani iko habari iliyoandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono wa mtu aliyekaa na wahusika wake, ambamo mgeni asiye na ukoo alishuka kutoka porini, akajulikana dhahiri kuwa ni simba, na wazee wa nchi, kwa akili zao timamu, wakampa binti zao.

Mwandishi wake ni Abdallah bin Hemedi, aliyetumika katika baraza za Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Usambara, na baadaye chini ya serikali ya Kidachi katika nchi ya pwani, na kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapishwa kwa sehemu tatu katika kiwanda cha misheni ya Magila baina ya mwaka 1895 na 1907. Naona ni katika vitabu vya nathari ya Kiswahili vilivyoandikwa vizuri kupita vyote, na sijui kwa nini shule zetu huwasomesha watoto wa Tanga kila kitu isipokuwa hicho.

Mgeni huyo, Mbegha, asema Abdallah, alizaliwa Nguu, milima ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa katika wilaya ya Handeni hata wilaya ya Kilindi ilipokatwa mwaka 2002. Alikuwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota kuliko ya chini, na kwa itikadi ya zamani mtoto wa namna hiyo huwa ni msiba kwa ukoo wake, na wengi hawakuachwa waishi. Yeye aliachwa kwa huruma ya wazazi. Lakini walipofariki dunia jamaa zake walimnyima urithi, wakimhesabia kila kifo kilichotokea ukooni kuwa ni chake. Tafadhali msomaji autazame mwanzo huu kwa makini. Katika vitabu vya Wazungu mtu huambukizwa unyama kwa kuumwa. Kwetu alitajwa kuwa hatari kabla hajaweza hata kutafuna, akasukumwa msituni na ndugu zake mwenyewe, akaishi na mbwa wake wa kuwindia, mikuki na dawa za uganga wa mawindo.

Kutoka Nguu alikwenda Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa huko. Wakaenda kuwinda nguruwe pamoja, na nguruwe akamwua yule kijana. Mbegha hakungoja kuulizwa. Alikimbia na mbwa zake na wachache waliomwandama, akipita katika nyika za Uzigua, na kwa kuwa hakuna njia nyingine itokayo huko kwenda Usambara hana budi alivuka mto Ruvu, huu uitwao Pangani katika ramani, akapanda milimani. Wanahistoria hukadiria kwamba mambo haya yalikuwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Wasambaa walikuwa wakulima wa migomba, na nguruwe wa mwitu walikuwa wakiwamalizia mashamba. Mgeni yule aliwaua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa ndizi na unga. Na katika mabadilishano hayo mepesi, nyama ya porini kwa chakula cha shambani, mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya dola ya Usambara mwaka 1974, aliona mwanzo wa mapatano yote ya kisiasa yaliyofuata. (Nimewahi kuisoma habari hii mbele ya wazee wa Kiislamu mjini Korogwe, na kila lilipotajwa neno nguruwe mmoja wao alikohoa, nikamkumbusha kuwa mwandishi alikuwa Mwislamu kama yeye, na hakukohoa mara moja katika kurasa zote zile.)

Watu wa Bumbuli, huko huko milimani, walimpa mke. Kisha watu wa Vugha, mji uliokuja kuwa makao ya wafalme, waliosikia sifa zake za kuwinda na za kukata mashauri kwa haki, walimwendea wakamwomba awe mkuu wao. Na hadithi husema kwamba katika mambo ya safari ile aliua simba, na watu walioiona ngozi wakamwita kwa jina la mnyama yule. Mkewe wa Bumbuli alipofika kujifungua alitandikiwa ngozi ile ile, na mtoto aliyezaliwa juu yake akapewa jina la Simba, ingawa jina alilotawala nalo ni Bughe. Tangu siku hizo kila mfalme wa Usambara aliamkiwa Simba Mwene, maana yake simba aliye mtawala.

Nilipofika hapa mpwa wangu aliiweka simu magotini.

Jambo la kustaajabisha si ngozi, kwani wafalme wengi wa Afrika wamekalia ngozi za simba na chui. La kustaajabisha ni ile hesabu ya wazee. Walimjua kuwa ni muuaji wa wanyama na, kwa minong’ono iliyomfuata kutoka Nguu, pengine wa watu. Walijua hana baba wala shangazi wa kumsimamia. Wakaamua kwamba mtu kama huyo haachwi akarandaranda kando ya mashamba usiku, bali huingizwa nyumbani, akapewa mkwe wa kumheshimu na watoto wa kuwaonea haya. Mbegha alioa katika koo mbalimbali, na wana waliozaliwa walikwenda kutawala katika nchi za mama zao, chini ya jicho la wajomba. Bughe mwenyewe alikuwa kwa wajomba zake Bumbuli baba yake alipofariki, na wazee waliificha habari ya kifo hata walipomleta Vugha kwa siri wakamweka kitini. Serikali nzima, kwa hiyo, ilikuwa mtandao wa mashemeji. Kila bonde lilikuwa na simba wake mdogo, na kila simba mdogo alikuwa na mjomba aliyemkumbuka akiwa mtoto mwenye kamasi. Nami, kwa kuwa ni mjomba, sina sababu ya kuidharau hekima hiyo.

Wasambaa wana maneno mawili ambayo ndiyo kiini cha siasa yao, nayo ni kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuitengeneza. Mfalme alidhaniwa kuwa na uwezo wa yote mawili, maana uganga wa mvua ulikuwa mkononi mwake: aliye na nguvu ya kuifunga mvua ndiye aliye na nguvu ya kuileta. Mahali palipokuwa na nguvu moja isiyo na mshindani, nchi ilipona. Palipokuwa na nguvu mbili zinazopimana, njaa iliingia. Sina shaka kwamba mtu aliyekulia katika mawazo hayo angemwelewa yule Charles wa Montana pasipo kufasiriwa: mnyama mkali wa kundi, ambaye amani ya kundi hutegemea ukali wake, na ambaye mke wake ndiye awezaye kumtuliza.

Dola hiyo ilifika upeo wake kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Krapf alimzuru Vugha mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipanda huko mwaka 1857, wakifuata bonde la Pangani, wakamkuta mzee mgonjwa anayetaka dawa ya kumrudishia ujana. Burton aliandika kwamba mfalme alikuwa na wake kiasi cha 300, nami sitaiapia hesabu hiyo, kwa kuwa wasafiri wa zama zile walikuwa wepesi mno wa kuhesabu wake za watu. Lakini hata ukiigawa kwa tatu, wana waliozaliwa walikuwa wengi kuliko mabonde.

Na ndipo yalipoharibika. Kimweri alipofariki mwaka 1862 kiti kilimwendea mjukuu wake, Shekulwavu, ilhali Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amekwisha kutambua kwamba nguvu haikai tena milimani penye mvua na migomba, bali imeteremka uwandani, kwenye njia ya misafara. Alijenga Mazinde, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Korogwe, mahali pakame ambapo Msambaa wa kale asingelima hata kwa fimbo, akauza pembe na watumwa, akanunua bunduki, akaishambulia Vugha. Wabondei, waliokuwa wakitawaliwa na Wakilindi, waliasi wakawafukuza. Mashemeji hawakuwa na neno tena, maana mwenye bunduki hahitaji mjomba. Semboja alimtawaza mwanawe Vugha, yeye mwenyewe akabaki Mazinde, karibu na biashara yake.

Wadachi walipokuja walimkuta simba amekwisha kugawanyika. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja; mwaka 1902 reli kutoka Tanga ilifika Korogwe, na nyika alimokuwa akipita mwindaji na mbwa zake ikapandwa mkonge mistari kwa mistari. Utemi wenyewe uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, na jina la Simba Mwene likabaki la heshima.

Lakini jina hilo halikukaa Usambara peke yake, na hapa inanipasa niwarudie Wazigua, ambao mpwa wangu ni wao kwa upande wa baba. Katika karne ya 19 Mzigua mmoja, Kisabengo, mtu wa vita aliyekusanya watoro na wenye bunduki, alijenga mji wenye ngome mahali ambapo leo ni Morogoro. Na mji huo uliitwa Simbamwene. Baada ya kufa kwake aliyetawala alikuwa binti yake. Msafiri Stanley, alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliuona mji wenye ukuta wa mawe na minara, akaandika habari za malkia huyo kwa mchanganyiko wa dharau na hofu ambao ndio desturi yake mbele ya mtu asiyemlipa heshima upesi. Na alipopita tena mwaka 1872 akakuta mafuriko yameukumba. Katika habari zote za simba watawala, malkia huyo ndiye simba jike wa dhahiri, ambaye hakuupata usimba kwa kuolewa wala kwa kulalia ngozi ya mumewe, ila aliurithi pamoja na ngome.

Yako pia mambo ya giza ambayo nilimweleza kwa ufupi, kwa kuwa hayakufaa kwa safari ya mchana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, katika nchi ya Wanyaturu, Singida, watu waliuawa kwa namna iliyofananishwa na makucha ya simba, ikasemwa ni watu-simba waliotumwa kwa malipo, na kesi zikafika mbele ya mahakama za Kiingereza. Simba wa kweli nao hawakuacha kula watu: wataalamu walioandika mwaka 2005 walihesabu Watanzania wasiopungua 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, wengi wao katika mikoa ya kusini. Kwa hiyo msomaji wa Marekani anaweza kumpenda mnyama wake kwa raha, maana hampiti njiani akienda shambani. Sisi tulimpenda wetu kwa tahadhari.

Handeni, kwa watu wa mbali, ni jina la waganga. Mtu wa Dar es Salaam akisikia unatoka huko hukutazama mikono kwanza, kisha huuliza kwa sauti ya chini kama unamjua fulani. Sifa hiyo Wazigua wameibeba, wengine kwa kuchoka, wengine kwa faida, na sioni ajabu kwamba nchi iliyomtoa Mbegha na dawa zake za mawindo ihesabiwe kuwa ghala la dawa. Kuna wanaofunga safari kwa ajili ya biashara na mashauri ya mahakama. Lakini wengi huja kwa mambo ya unyumba: mume aliyebadilika, mke asiyelala, jini mahaba ambaye husemwa huingia baina ya wawili akadai haki ya mume. Ukisikiliza kwenye baraza la mganga, kabla hajakohoa na kufungua mkoba wake, utasikia maneno yale yale ya bibi: mwenzangu si yule niliyemwoa, amegeuka. Huyo hakuota nywele wala kucha.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, aliwageuza manyani nduguze Adili katika kitabu alichokitoa mwaka 1952, akawafanya waadhibiwe kila usiku kwa mkono wa ndugu yao mwenyewe aliyekuwa akilia. Na hapo pia fitina ilianza nyumbani, kwa wivu wa ndugu, na jini Huria hakufanya ila kuudhihirisha mwilini. Nadhani angesoma vitabu vya mpwa wangu kwa hamu, na angelalamika kwamba mashairi hayamo.

Basi lilikuwa limekwisha kupunguza mwendo. Mpwa wangu, ambaye njia nzima alikuwa ameniambia mara mbili kwamba hakuna adhabu kubwa duniani kama kumngojea mwandishi amalize kitabu kinachofuata, aliniuliza kama hiki cha Wakilindi nacho ni kimoja tu.

“Sehemu tatu,” nilimwambia. “Na wasomaji wa kwanza walingoja miaka 12 kuzipata zote.”

Alinyamaza akiipima miaka hiyo, akachukua mkoba wake chini ya kiti. “Na Semboja,” akauliza, “anaingia sehemu ya ngapi?”